Masaa Tisa na Nusu Kutoka Tokyo

"Masaa tisa na nusu tu, shangazi. Nimelala njia nzima."

Maneno hayo yalipomtoka Tarmo Vuorela wiki iliyopita, tulimwacha na kikombe cha kahawa mkononi na meza nzima imenyamaza. Bado imenyamaza. Kahawa imeanza kupoa.

Wewe uliyekosa gazeti, sogea nikupe kwa ufupi. Mzee Ensio Vuorela, mstaafu wa reli, ametimiza miaka themanini leo Jumamosi, na wageni wamekuja kunywa kahawa nyumbani kwake, kaskazini mwa Helsinki. Mwanawe Tarmo amebisha hodi bila taarifa, sanduku mkononi, akasema ametua asubuhi kutoka Tokyo anakofunga mitambo ya karatasi. Dada yake, Maarit, alipomwona mlangoni alibadilika rangi badala ya kumkumbatia, na hatukuambiwa kwa nini.

Sisi tunajua wasichokijua wao. Tarmo hajaiona Tokyo kwa miaka mitatu. Alifukuzwa kazi huko kwa ulevi, akarudi kimyakimya, na tangu hapo anaishi Tampere, anaendesha lori la kukwangua theluji barabarani. Kutoka Tampere hadi kwa baba yake ni safari ya treni isiyofika hata masaa mawili. Ndiyo safari aliyosafiri leo.

Tisa na nusu! Siku alipoondoka Tokyo, ni kweli safari ilikuwa hivyo. Ndege zilikatiza juu ya Urusi, zikanyoosha. Mwezi uliofuata vita vikaanza, anga ya Urusi ikafungwa, na tangu hapo ndege za huku zinazunguka kupitia Ncha ya Kaskazini. Masaa kumi na tatu. Helsinki nzima inajua, mpaka watoto wa chekechea. Asiyejua ni yule tu ambaye hajaipanda ndege hiyo tangu wakati ule.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Shangazi Hilkka, dada wa mwenye sherehe, mwanamke ambaye ulimi wake haujui siku ya mapumziko.

"Tisa na nusu," akarudia taratibu. "Au mwenzetu umepita Urusi kwa mlango wa nyuma?"

Majirani wawili waliokaa karibu na dirisha wakacheka. Kisha mmoja wao akamtazama Tarmo usoni, akaacha kucheka.

Tarmo alitamani sakafu ipasuke immeze yeye na kikombe chake.

"Upepo," akasema Mzee Ensio.

Wote wakageuka.

"Upepo wa mgongoni. Huko juu msimu huu una nguvu sana. Nimesikia redioni."

"Upepo wa kupunguza masaa matatu na nusu, kaka?" Hilkka akauliza. "Huo si upepo. Huo ni teke."

"Basi kapigwa teke. Kata keki, Hilkka."

Keki ikakatwa. Maneno yakahamia kwenye magoti ya jirani na bei ya umeme. Ungedhani Tarmo alishusha pumzi. Wapi. Alikaa pale uso unamwaka, kwa sababu baba yake hakuwa mtu wa kudanganya hata kwa mzaha. Kule relini, treni ikichelewa kwa kosa lake, aliwaambia wakubwa zake kuwa kosa ni lake, na aliwahi kukosa cheo kwa tabia hiyo. Leo, siku ya kutimiza miaka themanini, alikuwa ametunga uongo mbele ya wageni, akaula na keki.

Na mambo hayakuishia hapo.

"Hebu tuione zawadi ya Tokyo," akasema Hilkka, akalivuta boksi la majani ya chai ambalo Tarmo alikuwa ameliweka mezani kwa mbwembwe. Boksi zuri, lina maua ya waridi. Alilinunua jana kwenye duka moja pale Tampere. Hilkka akaligeuza huku, akaligeuza kule.

Tarmo akakumbuka kitu. Chini ya boksi kulikuwa na karatasi ndogo nyeupe iliyobandikwa, ya Kifini, yenye jina la mwagizaji na anwani yake ya humuhumu nchini. Alikusudia kuibandua. Akasahau.

Mkono wa Mzee Ensio ukafika kabla ya macho ya Hilkka. Akalichukua boksi, akalilaza kwenye kiganja, na kidole gumba chake kikatua juu ya ile karatasi. Kikabaki hapo.

"Asante, mwanangu," akasema, akimtazama Tarmo bila hasira yoyote. "Imetoka mbali."

Hilo ndilo lililommaliza. Mzee alikuwa anajua.

*

Tarmo alimfuata dada yake jikoni. Maarit alikuwa amesimama mbele ya sinki, maji yanatiririka, hana chombo mkononi. Simu ilikuwa kando yake.

"Kuna nini, dada?"

"Kwa nini umekuja leo?"

"Mzee anatimiza themanini."

"Siku zote ungekuja, Tarmo. Miaka mitatu tumekuomba, ukasema kazi, kazi. Uje siku yoyote, ila leo."

"Mbona hivyo? Na Venla yuko wapi? Sijamwona."

Venla ni binti yake, mtoto wake wa pekee, miaka kumi na tisa. Tangu mama yake aolewe upya anaishi kwa Maarit, anasomea uuguzi.

"Ana mtihani," Maarit akajibu haraka mno.

"Jumamosi?"

Maarit akaitazama saa ya ukutani. "Niliapa nisiseme," akanong'ona, na alikuwa karibu kusema mlango ulipofunguliwa.

Mzee Ensio alisimama hapo na mataulo mawili begani. "Zamu yetu imefika," akamwambia Tarmo. "Tukichelewa, jirani ataingia."

Sauna ya jengo lile, chumba cha kuogea mvuke, iko chini kabisa, na kila nyumba ina saa yake. Ya Mzee Ensio ni Jumamosi saa kumi jioni, na hakuwahi kuikosa isipokuwa siku mbili, siku watoto wake wawili walipozaliwa. Wageni wangemsubiri na kahawa yao. Maarit akafunga bomba la maji, akayameza aliyotaka kuyasema.

Ukoo huu, msomaji, ndivyo ulivyo. Mtu akinyamaza, hawamuulizi. Wanaona ni adabu. Ndiyo maana uongo wa Tarmo ulilelewa vizuri, ukanenepa, ukafika mwaka wa tatu.

*

Baba na mwana walikaa benchi la juu, uchi kama walivyozaliwa. Mzee akachota maji kwa kata, akayamwaga juu ya mawe. Mvuke ukapanda, ukawashika masikio.

Tarmo alijipanga. Alikuwa ameshatafuta maneno ya kuanzia. Baba, kuna jambo. Baba, usikasirike. Baba, mimi ni mjinga.

"Tampere theluji nyingi mwaka huu?" akauliza Mzee Ensio.

Maneno yote yakamtoroka Tarmo.

"Umejua lini?" akauliza.

"Mwaka juzi. Nilikwenda kumzika mwenzetu mmoja wa reli huko. Nikawa kituoni nasubiri basi. Likapita lori kubwa la njano, linakwangua. Dereva ana koti la rangi ya machungwa, anapiga mluzi. Nikasema, yule dereva ana pua ya marehemu mke wangu."

"Hukuniita."

"Nilinyanyua mkono. Halafu nikaushusha."

"Kwa nini, baba?"

Mzee akafuta jasho usoni kwa kiganja. "Ulikuwa na uso wa mtu aliyetulia. Sikuwa nimekuona hivyo miaka mingi. Nikaona nisikuharibie."

Tarmo aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti.

"Na pombe?" mzee akauliza.

"Sijaigusa tangu nirudi. Siku niliyoingia kikaoni nimelewa ndiyo ya mwisho."

"Nilijua. Mlevi hawezi kupewa lori lile."

"Lakini ulikuwa unanipigia saa kumi na moja alfajiri," akasema Tarmo. Wazo lilikuwa linamjia polepole, na kila lilivyosogea ndivyo lilivyozidi kumuumiza. "Kila Jumapili. Mpaka juma lililopita."

"Saa kumi na moja hapa ni saa sita mchana Tokyo. Ndiyo saa uliyosema inakufaa."

"Nilikuwa Tampere, baba. Nilikuwa naweka kengele ili niamke."

"Na mimi nilikuwa naweka yangu."

"Kwa nini usingenipigia saa ya watu?"

"Ningekupigia saa tatu asubuhi, ungejua kwamba najua. Ungeaibika. Ungeacha kabisa kupokea."

Hebu wafikirie. Miaka miwili, kila Jumapili, wanaume wawili wanaamka gizani, nchi moja, baridi ileile dirishani. Mmoja anauliza, hali ya hewa huko Tokyo ikoje? Mwingine anaisoma kwenye kompyuta: jua kidogo, upepo wa wastani. Na aliyeuliza anasema, vizuri, vizuri, halafu anakaa jikoni peke yake mpaka kupambazuke. Mzee anayekaribia themanini, mgonjwa wa moyo.

Tarmo alilia. Alilia wazi, kama mtoto aliyeanguka, na aibu ya kulia haikuwa kitu mbele ya ile nyingine. Mzee akaongeza maji kwenye mawe ili pawe na mvuke wa kutosha wa kumficha.

"Nitawaambia," akasema Tarmo alipoweza. "Leo hii. Nikitoka hapa naanza na Venla. Popote alipo namfuata, namwambia yeye kwanza."

Pale pale mlango wa nje ukagongwa kwa ngumi.

"Bado zamu yetu," mzee akapaza sauti.

"Ni mimi," sauti ya Maarit ikapita kwenye mbao. "Siingii. Nisikilizeni tu. Siwezi tena."

"Sema."

"Venla hana mtihani. Yuko uwanja wa ndege. Anakwenda Tokyo."

Kata ikamponyoka Mzee Ensio, ikagonga sakafu.

"Alitaka akushtukize, kaka. Kanilisha kiapo. Halafu wewe ukatokea mlangoni, nikasema basi mmepishana, nimpigie arudi. Nimempigia tangu saa nane, hapokei. Nikasema nikwambie, mara ukasema masaa tisa na nusu, na nikaogopa. Sijui hata niliogopa nini."

"Ndege yake saa ngapi?" Tarmo alikuwa amesimama, anatafuta taulo na hali liko mkononi.

"Kumi na moja na nusu."

"Atarudi lini? Wiki? Wiki mbili?"

Maarit aliegemea mlango, mbao zikalia.

"Ni tiketi ya kwenda tu," akasema. "Ameacha chuo. Anasema baba yake kila Jumapili anamwambia huko kuna chumba chake."

Kweli alimwambia. Kila Jumapili, baada ya babu yake, Venla naye alipiga, na kila Jumapili Tarmo alimaliza kwa neno hilo: njoo siku yoyote, mwanangu, chumba chako kipo. Lilikuwa neno tamu, tena halikumgharimu kitu. Tokyo ni mbali, nani angekuja? Umbali ule ndio ulikuwa mlinzi wake. Sasa binti yake alikuwa ameamua kuuvuka.

*

Maarit ndiye aliyeshika usukani. Tarmo alikaa pembeni yake, nywele mbichi, shati limemgandia mgongoni. Mzee Ensio alikataa katakata kubaki. Alikaa nyuma amevaa koti zito juu ya joho la kuogea, soksi za sufi na viatu vya theluji. Shangazi Hilkka walimwacha na wageni na nusu ya keki.

Tarmo alipiga simu. Ikaita, ikakata. Akapiga tena.

"Hukutoka Tokyo leo," Maarit akasema, macho barabarani.

"Hapana."

"Jana?"

"Miaka mitatu, dada."

Maarit akapita taa mbili za barabarani.

"Mimi nilikuwa nakutumia mkate," akasema. "Kila Krismasi. Mkate mweusi, na zile peremende za chumvi unazozipenda. Nilikuwa nasimama foleni posta na huu mgongo wangu."

"Najua."

"Ukasema mtamu. Mwaka huu umesema umeula wote siku moja."

"Najua, Maarit."

"Nani alikuwa anakula mkate wangu?"

"Sijui."

Maarit akatikisa kichwa. Angemtukana ingekuwa nafuu. Alichofanya ni kunyoosha mkono, akamwongezea kaka yake joto la gari, maana alikuwa anatetemeka. Tarmo akageukia dirisha asionekane.

Waliingia ukumbi wa abiria saa kumi na moja na robo. Tarmo alikimbia mpaka kwenye ukaguzi, na hapo safari ikaisha. Asiye na tiketi hapiti. Alieleza, akaomba, akapandisha sauti. Mlinzi, mama mmoja mpole, alimtazama nywele zake mbichi, akamwambia binti mwenyewe ana simu, ampigie.

Akapiga. Ikaita mara moja, mara mbili.

"Baba?"

Sauti ya Venla, karibu kabisa. Nyuma yake mtu alikuwa anatangaza jambo kuhusu mikanda.

"Venla! Mwanangu, nisikilize."

"Nakusikiliza. Mbona unahema? Uko wapi?"

Swali lilikuwa jepesi. Jibu lake lilikuwa maneno mawili: niko Helsinki. Alikuwa ameapa kwenye sauna, machozi yanamtoka, kwamba atasema. Baba yake alikuwa nyuma yake anakuja anachechemea. Dada yake alikuwa nyuma ya baba. Hakukuwa na mtu wa kumzuia duniani.

"Niko kitandani," akasema Tarmo. "Nimekosa usingizi."

Neno hilo lilimtoka lenyewe. Miaka mitatu alikuwa amelizoeza, na sasa halikungoja ruhusa.

Upande wa pili tangazo la mikanda likaisha.

"Kitandani huko Tokyo?"

"Cha wapi tena?" akasema Tarmo, na hata kicheko kidogo kikamtoka, kile kicheko cha Jumapili.

"Sawa, baba," akasema Venla polepole. "Wanasema tuzime simu. Lala."

"Venla, ngoja. Ngoja, nataka..."

Ilikuwa imekatika. Akapiga tena na tena. Haikupatikana.

Alipogeuka, Mzee Ensio alikuwa hatua moja tu kutoka kwake, na alikuwa amesikia kila neno. Alisimama katikati ya ukumbi ule mkubwa na joho lake la kuogea linachungulia chini ya koti, watu wanampisha na masanduku yao.

"Lilinitoka tu, baba."

"Nimeona. Ndiyo maana naogopa." Mzee alivuta pumzi kwa shida. "Mezani leo nilikudanganyia. Nilidhani nakusitiri. Kumbe miaka yote miwili nilikuwa nakufundisha. Sasa basi. Kwa mtoto yule sitakudanganyia, na usiniombe."

Baba yake alikuwa amejitwika nusu ya aibu ile, na hakuna njia ya kumtua.

"Nani atampokea?" Maarit akauliza. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba umekumbatiwa kifuani. "Masaa kumi na tatu anafika. Atabisha mlango gani?"

Hakuna ndege inayoweza kuipita ndege. Hilo halikuhitaji kuelezwa. Na Tokyo nzima, pamoja na watu wake wote, Tarmo alikuwa na namba ya mtu mmoja.

Huyo ni Bwana Hasegawa, mkubwa wake wa zamani. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikao kile Tarmo alipoingia amelewa saa nne asubuhi, akaanguka juu ya meza, akayatapikia magoti ya mgeni. Ndiye aliyemshika kwapani, akampakia kwenye teksi, akampeleka mpaka kitandani bila kusema neno, na kesho yake akampa kwa mikono miwili barua ya kumfukuza, ameinamisha kichwa. Tarmo aliapa kwamba sauti ya mtu yule hataisikia tena mpaka anakufa.

Huko ilikuwa usiku wa manane. Akapiga.

"Hasegawa," ikajibu sauti nzito ya usingizi.

Walizungumza kwa Kiingereza chao cha kubabaisha, kila mmoja na chake. Mzee Ensio hakukielewa, lakini Maarit alikielewa, na alimtafsiria baba yake sikioni.

"Mimi ni Tarmo Vuorela," akasema Tarmo. "Ulinifukuza kazi kwa ulevi, na ulikuwa na haki. Nimewadanganya watu wangu miaka mitatu kwamba bado niko huko. Binti yangu anaruka sasa hivi kuja kunitafuta, na sipo. Ana miaka kumi na tisa. Sina haki ya kukuomba kitu. Naomba umpokee."

Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema yote, na aliyasema kwa mtu wa mbali kuliko wote. Maarit aliyatafsiri mpaka neno la mwisho. Mzee Ensio alifumba macho, akaitikia kwa kichwa.

Hasegawa akawasha taa; swichi ilisikika.

"Bwana Vuorela," akasema, na usingizi ulikuwa umemtoka. "Binti yako alinipigia Alhamisi."

"Alikupigia?"

"Ofisini. Aliuliza kama unafanya kazi kwetu, kwa sababu alitaka kuja kukushtukiza kazini. Nikamwambia ukweli. Samahani sana. Nilidhani mtoto anajua."

Tarmo akajikuta ameketi sakafuni, hajui ameketi vipi. Alhamisi! Basi Venla alipopokea simu ile alikuwa anajua. Uko wapi, baba? Alijua jibu, alikuwa anamngojea tu baba yake alitamke. Kitandani huko Tokyo? Akamngoja tena. Naye akamchekea.

"Kama anajua kwamba sipo," akasema kwa shida, "anakuja huko kufanya nini?"

"Nilimuuliza hilo. Alisema ameshawaaga wenzake wote chuoni kwamba anakwenda Tokyo. Alisema heri yeye aje aishi kweli mahali ambapo baba yake anasema anaishi, ili walau mmoja wenu awe anasema kweli."

Sauti ya Maarit, iliyokuwa inatafsiri, ikakatika hapo. Mzee Ensio akamshika mkono, akamwomba aendelee.

"Kuna jambo jingine," Hasegawa akasema. "Alisema atakuuliza uko wapi mara mbili. Mara moja kabla ya kuruka, mara moja akishatua. Alisema hatauliza ya tatu, maisha yake yote. Mimi pia ni mzazi, kwa hiyo sijalala vizuri tangu Alhamisi. Niambie, Bwana Vuorela. Ameshakuuliza ya kwanza?"

"Ndiyo," akasema Tarmo.

"Na wewe ukamjibu nini?"

Tarmo alimtazama baba yake, kisha dada yake. Hakuna aliyekuja kumsaidia safari hii.

"Nilimwambia niko kitandani, Tokyo."

Pumzi ndefu ikasikika kutoka upande wa pili wa dunia.

"Basi limebaki swali moja," akasema Hasegawa. "Nitakwenda kumpokea."

Simu ikakatika. Juu ya vichwa vyao, kwenye ubao wa safari, neno lililo mbele ya jina la Tokyo lilibadilika. Ndege ilikuwa imeondoka.

Mzee Ensio akamwinua mwanawe kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa umeshika kifua chake mwenyewe, kwa nguvu, upande wa kushoto.